Kuazima Mpaka Mvua

Fuu, fuu. Kabla ya kutangaza jambo lolote, mnadi wa soko la mifugo la Garissa alikuwa akipuliza kipaza sauti mara mbili, akakigonga kwa ukucha, akakohoa, ndipo aseme. Alitangaza ngamia waliopotea, mbuzi waliookotwa na funguo zilizoangushwa kwenye samadi. Sauti ile sijaisahau, ingawa ningependa kuisahau. Mwezi uliopita nilikuwa uani nikisugua sufuria, kipaza sauti cha msikiti wa mtaa wetu kikapulizwa vivyo hivyo, mara mbili, na kabla jina halijatajwa sufuria ilikuwa imeshaniponyoka majini. Mzee Dubow, aliyekuwa wa maktaba, anasaliwa baada ya adhuhuri. Jirani yangu alitoa kichwa juu ya ua akaniuliza, "Nimo, si ndiye yule mzee wako wa vitabu?" Nikamwambia ndiye. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka povu likanikaukia mikononi.

Nilimwita Adeer, yaani ami, ingawa hatukuwa wa damu moja, na yeye aliniita Adeer vilevile, kwa kuwa kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina analoitwa nalo. Wageni walitucheka, tunavyoitana Adeer, Adeer kutwa nzima kama mtu na mwangwi wake. Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilioanza kazi kwake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo nyumbani tulikubaliana tusizitaje mbele ya wageni, na ndoto nyingi kuliko mahali pa kuziweka. Nilikuwa mtu wa kucheka. Nikifagia maktaba asubuhi nilikuwa najiona kwenye maktaba nyingine, ya ghorofa, yenye feni kila pembe na viti vya rangi, mimi katikati yake na kitambulisho kinaning'inia shingoni, watu wamepanga foleni mpaka barabarani. Kisha nilikuwa nafungua macho, nakuta vyumba vyetu viwili vya mabati, rafu tano, mkeka mmoja, na Adeer kwenye chumba cha nyuma amechutama mbele ya jiko la mkaa akikoroga gundi.

Chumba kile cha nyuma ndicho ninachokiona nikifumba macho. Kulikuwa na dirisha moja dogo lenye wavu, meza ya mbao iliyoungua pembeni, sindano nene zimechomekwa kwenye kipande cha sabuni, na mawe manne mazito aliyoyafunga vitambaa. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano na maji ya majani ya mwarobaini, ili mchwa wasiipende. Siku yangu ya kwanza nilidhani ni uji, nikachota kijiko. Ulimi wangu ulikaa mchungu mpaka alasiri. Adeer alinitazama nikitema, akasema taratibu, "Haya, sasa maneno yako yatashikamana." Kitabu kimoja kilichoraruka alikuwa akikishona siku tatu. Leo anatoa uzi uliooza, kesho anashona, kesho kutwa anapaka gundi na kukilaza chini ya mawe kivulini, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kabla hakijakauka chenyewe. Nilimuuliza mbona tusitumie utepe wa plastiki kama dukani, kazi ya dakika moja. Akanionyesha kitabu ambacho mtu alikibandika utepe: joto la Garissa lilikuwa limeuyeyusha, kurasa zimekuwa tofali. "Huyu alikuwa na haraka," akasema, kama mtu anayesoma jina kaburini.

Na namna yake ya kuazima watu vitabu ilikuwa hivyo hivyo. Watu wa mjini aliwapa wiki mbili. Lakini wafugaji waliokuja siku za mnada, ambao wakitoka hapo wanafuata malisho na hawaonekani tena mjini kwa miezi, aliwapa kitabu mpaka mvua. Kwenye kadi, mahali pa kuandika tarehe ya kurudisha, aliandika kwa penseli neno hilo moja: Mvua. Mvua ikinyesha, malisho yanakuwa karibu, watu wanasogea, kitabu kinarudi. Kadi hizo alizipanga kwenye boksi la majani ya chai kwa upande ambao familia imeelekea: hawa wa Hulugho, hawa wamekwenda kwa wajomba zao Tarbaj, hawa hawajasema. Na kitabu kikirudi hakikupokelewa mlangoni. Mtu alikaa mkekani, akapewa chai ya maziwa ya ngamia na canjeero, mkate wetu laini, uliobaki asubuhi, akaeleza alichokisoma. Mwingine alieleza nusu saa, mwingine alieleza mpaka adhana. Adeer alisikiliza na sindano yake mkononi. Mimi nilikuwa nahesabu watu wanaosubiri nje, najisikia vibaya kwa ajili yao, lakini nao hawakuwa na haraka. Walikuwa wanasikiliza dirishani.

Ebla alikuja na baba yake mwezi wa sita, siku ya mnada, baba ameuza mabeberu wawili na bado ana vumbi la soko kwenye nyusi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tatu hivi, shule aliiacha darasa la tano familia ilipohama. Alizunguka rafu zote bila kugusa chochote, kisha akasimama mbele ya kitabu kimoja cha hadithi chenye jalada la kijani. Adeer akamwambia kutoka chumba cha nyuma, bila kuinua kichwa, "Hicho hakina mwisho. Kurasa za mwisho walikula mchwa."

"Mwenye hadithi anafika nyumbani au hafiki?" Ebla akauliza.

"Mimi sijui. Mchwa ndio wanajua."

Baba yake, Mzee Hirsi, akacheka. "Chukua kizima, naa, binti. Kitabu bila mwisho ni kama ng'ombe bila mguu."

"Aabo, nataka hiki," msichana akamwambia baba yake.

Adeer akatoka chumba cha nyuma, akamtazama kidogo, akachana karatasi tatu kutoka kwenye daftari lake na kumpa pamoja na penseli. "Basi mwisho uandike wewe. Ukirudi utatusomea." Akaichukua kadi mpya, akaandika jina, upande wa Hulugho, na lile neno lake. Msichana akasoma kadi kwa sauti, pole pole, kidole chini ya herufi. Akamuuliza baba yake, mvua ya mwezi wa kumi ni mbali? Baba akamwambia ni Mungu anajua, lakini huwa inakuja. Alikifunga kitabu kwenye mtandio wake, akakibeba kifuani kama mtoto mchanga, na mimi nilisimama mlangoni nawapungia mkono mpaka walipopotea kwenye vumbi la lori. Nilikuwa na furaha. Nakumbuka nilikuwa na furaha sana siku ile.

Madam Wanza alikuja mwezi wa tisa. Alikuwa afisa wa mradi fulani wa kusaidia maktaba ndogo, mwanamke mcheshi kutoka Machakos, mwenye viatu visivyofaa mchanga, na mimi nilimpenda tangu dakika ya kwanza. Alijua jina langu siku hiyo hiyo. Aliniambia nina akili, na kwamba kuna kozi ya cheti Nairobi, miezi sita, na kwamba mradi unaweza kunipeleka. Aliniambia vitabu vipya vingeletwa, na feni mbili, maktaba ikionyesha kwamba vitabu vinazunguka: vinatoka, vinarudi, vinatoka tena. Usiku ule sikulala kwa ajili ya zile feni. Adeer alimpikia wali na nyama, tukala sote watatu mkekani, na baada ya chakula nilikuwa nyuma ya rafu nikipanga vitabu nilipowasikia wakizungumza mlangoni.

"Mzee, hii kadi imeandikwa mvua. Mvua ni tarehe gani?"

"Madam, hawa watu kalenda yao iko juu."

"Na mfadhili hasomi mawingu," Madam akasema, na wote wawili wakacheka, maana ilisemwa kwa wema. Kisha akasema, sauti imeshuka, "Nikipeleka ripoti na vitabu thelathini haviko, watafunga hapa. Sikutishi. Nimeona pengine wakifunga."

"Vitabu viko."

"Viko wapi?"

"Viko na watu," Adeer akasema. "Kitabu kilicho na mtu hakijapotea. Cha rafuni ndicho sijui kama kiko." Nikasikia Madam akiweka kikombe chini, kisha akamwambia Adeer kwamba amezeeka na kazi, kwamba amwachie Nimo rejista apumzike na ushonaji wake. Nilijua napaswa kutoka nyuma ya rafu. Sikutoka. Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha, na aibu ya furaha hiyo niliijua baadaye sana.

Mwezi wa kumi mvua haikuja. Wa kumi na moja yalikuja mawingu, yakatuzunguka siku mbili, yakaenda kwa wengine. Kufikia mwezi wa kwanza upepo wa jilaal, kiangazi chetu kikavu, ulikuwa unaingiza mchanga mpaka kwenye chai. Barabarani walipita ngamia ambao mifupa yao ungeweza kuisoma. Mjini tulikuwa tunasema, alhamdulillahi, sisi tuna mto, na tulikuwa tunanunua maji kwa punda kama kawaida. Madam alinitumia ujumbe kwa simu: kadi zote zilizopita miezi sita zifungwe, vitabu viandikwe vimepotea, wenye kadi wasiazimwe tena. Alinitumia na mhuri mpya wa wino mwekundu, neno moja, IMEFUNGWA. Adeer alikuwa amelazwa na kifua wiki ile. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba namwonea huruma, mgonjwa asisumbuliwe, lakini ukweli ni kwamba nilijua angesema hapana, na kozi ilikuwa inaanza mwezi wa tano.

Nikatoa lile boksi la majani ya chai nikaliweka mezani. Tup. Tup. Tup. Kazi ya Adeer ya mwaka mzima niliimaliza kabla chai yangu haijapoa. Kadi ya Ebla ilikuwa miongoni mwa za mwanzo, maana upande wa Hulugho ulikuwa mbele, na mhuri wangu ulikaa juu kabisa ya neno la Adeer, kama mtu anayemkalia mwenzake. Ningeishia hapo labda pangepona kitu. Lakini nilitaka Madam aone kwamba mimi si mtu wa kufunga tu, mimi ni mtu wa kutafuta. Nikaandika majina yote kwenye karatasi moja, kwa mwandiko wangu mzuri, na Jumatano nikaenda mnadani nikampa mnadi. Nilidhani nimevumbua kitu. Nilidhani ni njia ya haraka ya kufikisha habari: wafugaji wote wako pale, kipaza sauti kiko pale, dakika tano habari imefika mpaka mpakani.

Fuu, fuu. Akagonga, akakohoa. Kwanza akatangaza ndama wa kahawia. Kisha akasoma karatasi yangu kama alivyosoma matangazo yake yote, kwa Kisomali na kwa sauti ile ile: vitabu vya maktaba vimepotea, viko mikononi mwa watu wafuatao. Hakuwa na ubaya. Kwake tangazo lilikuwa ni kitu kilichopotea na mtu aliyeonekana nacho mara ya mwisho, na sokoni pale, maneno hayo yakisemwa kuhusu mtu, yana maana moja tu. Akaanza kusoma majina: la mtu, la baba yake, la babu yake. Nilikuwa nimeandika matatu matatu ili wasichanganywe. Nilizaliwa Garissa, nimelelewa Garissa, na nilikuwa najua tangu utotoni kwamba kwetu mtu anaweza kufiwa na mifugo yote akasimama, lakini akisemwa mbele ya watu kwamba amekula amana, anakaa chini asiinuke tena. Nilijua. Sijui nilikuwa nimeuweka wapi ujuzi huo asubuhi ile. Lilipofika la Ebla Hirsi, watu waligeuza vichwa. Mzee mmoja karibu nami akamuuliza mwenzake, huyu Hirsi ni Hirsi yupi, na mwenzake akasema, "Siye. Hirsi yule haibi." Mwingine akajibu, "Jilaal hii kila mtu anauza alichonacho."

Kwenye kibanda cha chai nilikaa nyuma ya pazia, uso wangu unawaka. Wanawake wawili wauza maziwa walikuwa mbele yangu.

"Siku hizi hata kitabu kinatafutwa kama mbuzi."

"Mbuzi utamla. Kitabu utakifanya nini, utakiwashia moto?"

"Muulize Hirsi."

Wakacheka, wala si kwa chuki, kama watu wanavyocheka jambo lisilowahusu. Mimi niliacha chai yangu ikiwa nusu.

Mzee Hirsi alikuja siku kumi na mbili baadaye. Adeer alikuwa amerudi kazini, dhaifu, amejifunga shali kwenye joto lile, anashona. Sikuwa nimemwambia bado. Mlango uliingia giza, nikainua macho, sikumtambua. Mtu wa mwezi wa sita alikuwa na mashavu. Huyu alikuwa na miguu iliyopasuka na koti linalomning'inia kama liko kwenye msumari. Alitoa salamu, tukaitikia. Hakukaa. Akaweka mezani kifurushi cha mtandio, ule ule, akaufungua fundo kwa fundo, na kitabu cha kijani kilikuwa ndani, bila doa.

"Nani hapa alinitangaza?" akauliza.

Adeer akanitazama, na kwa namna alivyonitazama nikajua ameelewa yote kwa mara moja. Nikasema, "Ni mimi, Adeer," na kwa mara ya kwanza jina lile lilikuwa zito mdomoni, maana nilikuwa nawaambia wote wawili.

Mzee Hirsi hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Binti, nilikuwa mbali. Habari ilinifikia kisimani, mbele ya watu, kupitia mtu aliyesikia kwa mtu. Nikaacha wanyama na mama yake Ebla, nikatembea mpaka njia ya lori." Akaweka kidole juu ya kitabu. "Tuliambiwa mpaka mvua. Nimesema uongo?"

"Hapana," Adeer akasema.

"Hapa mjini mvua imenyesha?"

Upepo ulikuwa unapeperusha mchanga juu ya mabati.

"Mimi sijaiona. Pengine nyinyi mmeiona. Basi niambieni nimechelewa vipi."

Nilikuwa na maneno ya Madam yote kichwani, mzunguko, ripoti, feni, na hakuna hata moja lililokuwa na miguu ya kusimama mbele ya mtu yule. Adeer alinyanyuka kwa kushika meza, akamwomba msamaha kwa Kisomali, msamaha mrefu, wa mtu na ukoo, akamsihi akae anywe chai. Mzee Hirsi akasema Mungu atawasamehe, chai sitakunywa, wanyama wananingoja. Mlangoni akageuka. "Msichana alilia," akasema. "Si kwa sababu ya jina langu. Alisema hajamaliza." Kisha akatoka, na sisi hatukumwona tena.

Adeer hakunigombeza siku ile, wala siku iliyofuata. Alikifungua kitabu. Ndani, mwisho kabisa, palipokuwa na ule ukingo uliotafunwa, mlikuwa na karatasi yake moja imeandikwa penseli pande zote mbili, herufi ndogo ndogo zilizobanana ili nafasi itoshe, na zile mbili nyingine zikiwa tupu. Nilimsomea kwa sauti kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka. Ebla alikuwa amemrudisha yule msafiri wa kwenye hadithi mpaka karibu na kwao, amempitisha visima vinne, kila kisima na jina lake, visima vya kweli vya upande ule, na kwenye cha nne alikuta watu wanaomjua babu yake. Walimpa maziwa. Walimwonyesha njia. Akaona moshi. Sentensi ya mwisho ilisema: Akafika mahali ambapo angeweza kusikia mbwa wao, akasimama kwa sababu. Na hapo ikaishia.

"Kwa sababu gani?" nikauliza kama mjinga.

"Baba yake alikichukua kitabu," Adeer akasema.

Aliipika gundi asubuhi iliyofuata. Aliniita nishike upande wa pili. Siku ya kwanza tulitoa uzi wa zamani. Siku ya pili akaishona karatasi ya Ebla mahali pa kurasa zilizoliwa, na nyuma yake akazishona zile mbili tupu. Nilimuuliza hizi za nini. "Hajamaliza," akasema. Siku ya tatu tukakilaza chini ya mawe. Siku zile tatu hakusema mengi, alikohoa tu, lakini mara moja, uzi ukiwa mdomoni, aliniambia: "Adeer, wewe si mbaya. Wewe una haraka, na haraka ni kama ule utepe. Inashika leo." Nikatoa kadi ya Ebla, nikamwambia nitaukwangua ule mhuri sasa hivi, nipe wembe. Akaizuia mikono yangu. "Acha. Akija, utaukwangua mbele yake, aone." Nikairudisha kadi kwenye boksi ilivyo.

Mvua ya Gu, yaani masika yetu, ilikuja mwezi wa nne, kwa kuchelewa kidogo, ikageuza barabara kuwa mto wa matope. Na watu wakaja. Wale ambao hawakusikia tangazo waliingia wakicheka, matope magotini, vitabu kwenye vibuyu na magunia na ndani ya ngozi. Waliosikia walikuja kimya, wakaweka kitabu, wakakataa mkeka. Kimoja baada ya kingine, vyote nilivyoandika vimepotea vilirudi, na wengi wa wenye kuvirudisha hawakuchukua kingine. Madam alifurahi, akaniambia ripoti ni nzuri. Nilimwambia siendi kozi. Alidhani naogopa Nairobi, na nilimwachia adhani hivyo. Feni zilikuja, moja inafanya kazi hadi leo. Adeer aliambiwa apumzike mwaka huo huo, akapewa karatasi na mkono wa pongezi. Alichukua sindano zake, mawe akaniachia.

Tangu hapo mimi ndiye wa maktaba. Nimepitisha maafisa wengi baada ya Madam Wanza, na kila mmoja nimemwandalia ripoti yake, na wafugaji nimeendelea kuwaazima mpaka mvua. Nashona kitabu siku tatu. Vijana wa simu wananiambia, auntie uko slow, na mimi nacheka, kwa kuwa bado ni mtu wa kucheka, ingawa si kama zamani. Kila mwanamke anayeingia mwenye umri unaofaa namtazama nyusi zake, nikimtafuta Ebla. Na kila Gu nilikuwa naenda kumwona Adeer nyumbani kwake, na kila Gu, baada ya salamu, aliniuliza swali moja: "Yule msichana amekuja?" Nikasema bado. Akasema haya. Mwaka huu alikuwa kitandani, mwepesi kama shuka lililomfunika, na aliponiuliza moyo wangu haukuweza. Nikasema, amekuja, Adeer. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sijaiona tangu siku ya uji.

"Alimaliza?"

"Alimaliza."

"Alisimama kwa sababu gani?"

Mimi ambaye nimekuwa naota hadithi tangu utoto, sikuwa na jibu. Nilitafuta hata neno moja. Adeer alinisubiri, bila haraka, kama alivyomsubiri kila mtu, kisha akanipapasa mkono. "Basi hajaja," akasema.

Siku ya tatu ya tanzia nilikaa na wanawake kwa mjane wake, tukala wali kwenye sinia moja, na wengine walizungumza habari za bei ya maziwa na bibi harusi wa jirani, kama ilivyo. Mjane aliniambia kwa sauti ndogo, "Alikuwa akiyatazama mawingu kuliko mkulima." Nilipotoka pale sikuenda nyumbani. Ilikuwa Ijumaa, maktaba imefungwa. Nilifungua, nikaacha mlango wazi kidogo kwa ajili ya mwanga, nikatoa boksi la majani ya chai, na upande wa Hulugho, mbele, kadi ya Ebla ilikuwa mahali pake, nyekundu ya mhuri wangu imepauka lakini inasomeka. Adeer alisema nisubiri Ebla aone kwa macho yake, lakini sasa nilitaka akija aikute kadi iko wazi. Nilikata wembe nusu, nikaufunga kipande cha gazeti mahali pa kushika. Nilianza na herufi ya kwanza, wembe umelala, kidogo kidogo, kama alivyonifundisha kuondoa wino bila kutoboa. Kazi ngumu ilikuwa katikati, palipokuwa na neno lake la penseli chini ya neno langu. Pale nilikwangua kuizunguka kila herufi yake, nikasimama, nikapumzisha mkono, nikaendelea, mpaka adhana ya alasiri ikapita. Niliinua kadi dirishani. Karatasi ilikuwa imekonda, mwanga ulipita kote isipokuwa pale palipoandikwa Mvua. Nikapuliza vumbi jekundu mara mbili, nikaipanga upande wa Hulugho, pamoja na kadi za vitabu ambavyo bado viko nje.